Amezaliwa Bombo, baba wa kambini, mama wa Vanga: uchambuzi wa kisa kimoja cha uraia mkoani Tanga

Mwombaji katika kisa hiki ni binti aliyezaliwa Agosti 1998 katika hospitali ya Bombo, mjini Tanga. Amekulia katika kambi ya shamba la mkonge wilayani Muheza, akasoma huko huko tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na baadaye akahitimu stashahada ya uuguzi. Alipokwenda kuomba namba ya kitambulisho cha taifa ili ajaze maombi ya ajira serikalini, fomu yake ilikwama katika mahojiano ya uhamiaji. Maelezo aliyopewa kwa mdomo yalikuwa mafupi: baba ni Mmakonde wa Msumbiji, mama ni Mdigo wa Kenya, kwa hiyo naye si raia. Kisa hiki nimekiunda kwa kuunganisha mambo yanayozikuta familia za kambi za mkonge na za mpakani, ili nisimfichue mtu wala ofisi yoyote, lakini sheria na tarehe zake ni zile zile zinazotumika.

Jibu alilopewa lina kasoro moja kubwa inayostahili kusemwa tangu mwanzo. Limeanza na kabila la baba na nchi ya mama, ilhali Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, haimuulizi mtu kabila lake popote. Maswali yake ya kwanza ni mawili: ulizaliwa wapi, na ulizaliwa lini. Wazazi huja baada ya hapo, na namna wanavyoingia hutegemea majibu ya maswali hayo mawili. Anayeanza na wazazi kabla hajajua mahali na tarehe ameshika kisa kwa mkiani.

Basi tuipange familia hii kwa tarehe. Babu mzaa baba alitoka uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akavuka mto Ruvuma na kufika Tanga mwaka 1952 kufanya kazi ya kukata mkonge. Hakuwa wa pekee. Tangu Richard Hindorf alipoingiza miche ya mkonge nchini mwaka 1893, mashamba ya Tanga yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani, na kufikia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa wameunda chombo chao, SILABU, cha kukusanya vibarua kutoka mbali. Manamba hao walipewa makazi kambini, wakaoana, wakazaa na kuzikana huko huko. Babu huyu alimwoa mwanamke wa Kimakonde aliyemkuta kambini, na baba wa mwombaji akazaliwa Februari 1960 katika kambi hiyo hiyo. Mama wa mwombaji alizaliwa Vanga, katika kaunti ya Kwale ya leo nchini Kenya, mwaka 1972. Alivuka mpaka kuja kuolewa, kama Wadigo walivyoolewana kati ya Vanga na Moa kabla mpaka haujachorwa na baada ya kuchorwa. Wana watoto wawili: binti tuliyemtaja, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa mwaka 2009 katika hospitali ya Msambweni, Kwale, kwa sababu mama alikuwa amekwenda kwao kujifungulia kwa wazazi wake. Mimba hiyo ilikuwa na matatizo, na mama mzazi ndiye wa kumtazama mtu katika hali kama ile. Kisheria uamuzi huo mmoja wa kifamilia umewatenga ndugu hawa wawili kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria wakati ule.

Kifungu cha 5 na mahali pa kuzaliwa

Binti amezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Siku ya Muungano, yaani tarehe 26 Aprili 1964. Kwa hiyo kifungu kinachomhusu ni cha 5. Kifungu kidogo cha kwanza kinasema kwamba kila mtu aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano siku ile au baada yake anahesabiwa kuwa raia tangu siku ya kuzaliwa kwake, kwa kuzingatia masharti ya kifungu kidogo cha pili. Kifungu kidogo cha pili kinaweka hali mbili tu za kumwondoa mtu katika kanuni hiyo. Hali ya kwanza ni pale ambapo hakuna hata mmoja wa wazazi aliye raia na, pamoja na hayo, baba ana kinga ya kutoshtakiwa inayopewa wajumbe wa mataifa ya nje waliokubaliwa nchini. Hali ya pili ni pale ambapo mzazi mmojawapo ni adui na mtoto amezaliwa mahali palipokuwa mikononi mwa adui.

Naomba msomaji aisome hali ya kwanza polepole, kwa sababu kiini cha kisa hiki kimo humo. Sheria imetaja wazazi wote wawili kutokuwa raia, kisha ikaongeza sharti la kinga ya kibalozi. Kama kutokuwa raia kwa wazazi kungetosha peke yake kumnyima mtoto uraia, maneno ya kinga ya kibalozi yasingekuwa na kazi. Mtoto wa balozi ambaye wazazi wake si raia angekuwa ameshaondolewa tayari, na bunge lisingekuwa na sababu ya kumtaja. Kanuni ya kutafsiri sheria inataka kila neno lipewe kazi yake. Ukilipa kila neno la kifungu hiki kazi yake, huwezi kufika penginepo isipokuwa hapa: mtoto wa kibarua wa mkonge na mkewe kutoka Vanga, aliyezaliwa Bombo mwaka 1998, ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, hata kama wazazi wake wote wawili hawakuwa raia siku ile. Baba yake hakuwa na kinga ya kibalozi. Alikuwa na panga la kukatia mkonge.

Hata hivyo si haki kumficha msomaji namna mambo yanavyokwenda ofisini. Kwa miaka mingi mamlaka zimekisoma kifungu hiki kana kwamba kinadai angalau mzazi mmoja awe raia, na usomaji huo ndio unaoongoza fomu, mahojiano na maombi ya pasipoti, ambako mwombaji hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachosimama mahali pake. Serikali yenyewe imetenda kwa kufuata usomaji huo. Ilipowapa uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuuomba, wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972, zaidi ya watu 162,000 mwaka 2014, ndani ya hesabu hiyo walikuwamo wengi waliozaliwa katika ardhi ya Tanzania. Mkoani Tanga kwenyewe, Wazigua waliokimbia vita vya Somalia na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni, nao walipitishwa katika njia ya tajnisi. Kuwapokea watu hao lilikuwa jambo la heshima kwa nchi hii na silipunguzii sifa yake. Lakini mtu aliyezaliwa hapa akipewa kwa hisani ya waziri kile ambacho maneno ya kifungu cha 5 yanampa kama haki, tofauti yake ni kubwa, kwa sababu hisani inaweza kukataliwa bila sababu kutolewa. Sheria hiyo hiyo inasema waziri halazimiki kueleza sababu za kukubali au kukataa ombi, na kwamba uamuzi wake juu ya ombi haukatiwi rufaa mahakamani.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa binti ni kwamba asikubali kujaziwa fomu ya tajnisi, hata kama atashawishiwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Anayeomba tajnisi anakiri kwa maandishi kwamba mpaka siku hiyo yeye ni mgeni, na kukiri huko kutabaki ndani ya jalada lake. Anachostahili kuomba ni kutambuliwa. Sheria inampa waziri uwezo wa kutoa cheti kwa mtu ambaye uraia wake una shaka, na ombi la namna hiyo linaweza kuandikwa bila kuacha dai la kuzaliwa nchini.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inatambua haki ya mtoto kuwa na jina na utaifa, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi katika ibara ya 6 zihakikishe kwamba mtoto aliyezaliwa katika ardhi yao anapata uraia wao iwapo hana uraia wa nchi nyingine. Hoja hizi ni za kuunga mkono. Zisitangulizwe mbele ya kifungu cha 5, kwa kuwa binti leo ni mtu mzima, na zaidi ya hapo suala la nchi nyingine, kama tutakavyoona, si jepesi katika kisa chake.

Baba, na bibi aliyesahauliwa

Baba alizaliwa Februari 1960, kabla ya uhuru na kabla ya Muungano, kwa hiyo kifungu cha 5 hakimgusi. Yeye anahukumiwa kwa masharti ya uraia yaliyoanza kutumika tarehe 9 Desemba 1961. Masharti hayo yalisema kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, angekuwa raia wa Tanganyika siku ya uhuru, isipokuwa kama hakuna hata mmoja wa wazazi wake aliyezaliwa Tanganyika. Waliokuwa raia wa Tanganyika kwa njia hiyo walikuja kuwa raia wa Jamhuri ya Muungano Siku ya Muungano.

Swali juu ya baba linabaki moja basi: je, mzazi wake mmojawapo alizaliwa Tanganyika? Babu alizaliwa Mueda, na hilo halina ubishi. Lakini afisa aliyesema "Mmakonde wa Msumbiji" hakumuuliza mtu yeyote habari za bibi. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Uwanda wa Newala ni wa Wamakonde kama ulivyo uwanda wa Mueda, na Newala imekuwa Tanganyika tangu jina hilo lilipoanza kutumika. Katika familia hii ilifahamika siku zote kwamba bibi alikuwa "wa Newala", na kwamba mdogo wake wa kike bado yuko hai huko, mzee sana. Hakuna aliyelitia maanani, kwa kuwa machoni pa majirani wa Muheza Wamakonde wote wa kambini walikuwa watu wa kutoka kusini tu.

Kama bibi alizaliwa Newala, baba amekuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961, akiwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi, bila kuhitaji kuomba chochote. Kama naye alizaliwa upande wa Msumbiji, baba hakupata uraia siku ya uhuru moja kwa moja, na kukaa kwake hapa kwa zaidi ya miaka sitini, kadi yake ya kupigia kura, na makato ya mshahara wake yaliyopelekwa katika mifuko ya hifadhi ya jamii, NPF na baadaye NSSF, havimfanyi raia. Ni vielelezo vya maisha yake nchini, na kila kimoja kina thamani yake, lakini hakuna hata kimoja kinachojibu swali ambalo sheria imeuliza.

Hapo ndipo ilipo tabu ya familia nyingi za kambini. Wanabeba mfuko mzima wa karatasi kuonyesha wamekaa miaka mingapi, wakati kinachohitajika ni karatasi moja kuhusu mama mzee aliyekwisha kufa. Karatasi hiyo inaweza kupatikana. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa upande wa Masasi tangu mwaka 1876, wakaenea mpaka Newala, na vitabu vya ubatizo vya makanisa huandika jina la mtoto, wazazi wake na kijiji chao. Bibi huyu alibatizwa utotoni, kabla ya kuolewa na kuhamia Tanga. Dondoo la kitabu cha ubatizo lenye muhuri wa parokia, likiambatana na kiapo cha mdogo wake kinachotaja kijiji na mwaka wa takriban, ni ushahidi wa maana. Naongeza kwamba cheti cha ndoa ya babu na bibi, ambacho hakipo, hakihitajiki katika hatua hii, maana dai linapita kwa mama wa baba, na uzazi wa mama hauna mashaka.

Jalada la binti, na kosa la kishoka

Cheti cha kuzaliwa hakimfanyi mtu kuwa raia. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hutoa vyeti kwa watoto wote wanaozaliwa nchini, wakiwamo wa wageni. Lakini cheti ndicho kinachothibitisha mambo mawili ambayo kifungu cha 5 kinayauliza, yaani mahali na tarehe, na binti hakuwa nacho. Uzazi wake haukusajiliwa kwa wakati, na kwa kuwa zaidi ya miaka 10 imepita, usajili wake wa kuchelewa unahitaji idhini ya Msajili Mkuu pamoja na vielelezo vizito kidogo kuliko vya mtoto mchanga. Vielelezo anavyo: kadi ya kliniki yenye muhuri wa Bombo, rejista ya shule ya msingi inayotaja tarehe ya kuzaliwa, cheti cha kumaliza darasa la saba, na jirani wa kambini aliyemsindikiza mama yake hospitali usiku ule na aliye tayari kuapa. Jirani huyo alisema neno moja ambalo ningelitia ndani ya kiapo kama lilivyo: "Huyu nilimpokea mimi kwa muuguzi, mama yake hajiwezi." Ushahidi wa mtu aliyekuwapo una uzito kuliko wa mtendaji wa kijiji anayeandika barua kwa kusikia.

Kuna jambo lililomharibia zaidi ya nasaba yake. Fomu ya kwanza alijaziwa na kishoka aliyekuwa akikaa nje ya ofisi, ambaye alipoambiwa mama ni wa Vanga aliandika kwamba alizaliwa Mkinga, "ili mambo yasiwe marefu". Katika mahojiano mama aliulizwa shule aliyosoma, akajibu kweli, na tofauti ikaonekana papo hapo. Tangu hapo kila alichosema binti kilitazamwa kwa jicho la mashaka. Kinachosikitisha ni kwamba uongo huo haukuhitajika kabisa, kwa sababu uraia wa mama hauongezi wala haupunguzi kitu katika dai la mtoto aliyezaliwa Bombo. Isitoshe, kutoa maelezo ya uongo katika maombi ya uraia ni kosa la jinai. Kwa hiyo waraka wa kwanza katika jalada jipya uwe kiapo cha mama mwenyewe kinachosahihisha mahali alipozaliwa, kinachoeleza jinsi taarifa ya awali ilivyoandikwa, na kinachosema waziwazi kwamba yeye ni raia wa Kenya. Wapo watakaoogopa ushauri huu. Mimi naona hakuna njia nyingine ya kulirudishia jalada heshima yake.

Kuhusu nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyotolewa Arusha Machi 2018 dhidi ya Tanzania ina mwanga. Mahakama ilisema kwamba pale ambapo mtu amekuwa akichukuliwa na dola kuwa raia na anazo hati zake, dola inayokuja kukana uraia huo ndiyo inayopaswa kuthibitisha. Hukumu hiyo inamsaidia baba zaidi kuliko binti, kwa kuwa baba ameandikishwa kupiga kura mara kadhaa na kutendewa kama raia kwa miongo mingi. Binti hajawahi kupewa hati ya uraia, kwa hiyo mzigo wa mwanzo ni wake. Ni mzigo mwepesi endapo cheti cha RITA kitapatikana.

Kenya, na hatari ya uraia wa nchi mbili

Sasa nifike mahali ambapo dai la binti ni dhaifu kuliko penginepo pote. Binti alipozaliwa mwaka 1998, katiba ya Kenya iliyokuwapo haikumruhusu mama Mkenya kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya. Aliyeweza kufanya hivyo ni baba tu. Katiba mpya ya Agosti 2010 ilibadilisha jambo hilo. Ibara yake ya 14 inasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje yake, na kwamba kanuni hiyo inawahusu pia waliozaliwa kabla ya katiba yenyewe. Haisemi kwamba mtu "anaweza kuomba". Inasema "ni raia". Kwa maana hiyo, mwaka 2010, akiwa na miaka 12 na bila yeye wala mama yake kujua, binti wa Muheza aliingia katika uraia wa Kenya.

Kwa Kenya hilo si tatizo, kwa kuwa katiba yao inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uraia kinasema kwamba mtu ambaye anapotimiza miaka 18 ni raia wa Tanzania na pia wa nchi nyingine, anaupoteza uraia wa Tanzania baada ya muda uliowekwa isipokuwa ameukana ule wa nchi nyingine na kula kiapo cha utii. Binti alitimiza miaka 18 Agosti 2016. Hakukana chochote, kwa kuwa hakujua ana cha kukana.

Afisa makini anaweza kuitumia hoja hii, na mtetezi wa binti afadhali awe ameiandalia majibu kabla haijatajwa. Jibu la kwanza ni kwamba ofisi haiwezi kushika ncha zote mbili. Kama inasema binti hakuwahi kuwa raia, haiwezi wakati huo huo kusema alipoteza uraia mwaka 2016, na kama inakubali kwamba alikuwa nao wa kupoteza, basi imekubali usomaji wetu wa kifungu cha 5. Jibu la pili linatoka katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inayompa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Kupokonywa uraia kimyakimya, kwa kuchanganyika kwa sheria za nchi mbili, bila taarifa wala nafasi ya kuchagua, ni vigumu kukubaliana na ibara hiyo. Jibu la tatu ni la vitendo. Binti hajawahi kuwa na kitambulisho wala pasipoti ya Kenya, hajapiga kura huko, na yuko tayari kuukana uraia huo leo. Sheria ya Kenya ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inaweka utaratibu wa kuukana.

Lakini mpangilio wa hatua una uzito mkubwa. Akiukana uraia wa Kenya kwanza, kisha Tanzania ikashikilia kwamba si raia wake, atabaki hana nchi. Kwa hiyo aombe kwanza cheti cha kutambuliwa Tanzania, akiambatisha tamko lake la kiapo kwamba ataukana uraia wa Kenya mara tu atakapotambuliwa. Kwa maoni yangu hoja hizi zina nguvu ya kutosha kushinda, ila sithubutu kumwahidi mtu.

Mdogo wake

Kijana aliyezaliwa Msambweni mwaka 2009 hawezi kuutumia mlango wa dada yake. Hakuzaliwa Tanzania, kwa hiyo kifungu chake ni cha 6, kinachosema kwamba aliyezaliwa nje ya nchi baada ya Siku ya Muungano ni raia wa kurithi ikiwa siku hiyo baba au mama yake alikuwa raia ambaye uraia wake haukuwa wa kurithi. Mama ni Mkenya. Kila kitu kinamwelekea baba, na kwa kuwa kinamwelekea baba, kinamwelekea bibi wa Newala. Kama baba alikuwa raia tangu uhuru kwa sababu alizaliwa Tanganyika na mama yake vile vile, uraia wake ni wa kuzaliwa, na kijana anaurithi bila kizuizi. Ile karatasi ya ubatizo ambayo dada mtu angeweza kuishi bila kuionyesha ndiyo inayobeba dai zima la mdogo wake.

Ikikosekana, kijana ni raia wa Kenya peke yake, ingawa amekulia Muheza na Kenya anaijua kwa kwenda kusalimia wakati wa likizo. Atahitaji kibali cha ukaazi, na akishafikia utu uzima anaweza kuomba tajnisi kwa masharti ya kawaida: kuwa amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza, kuwa na tabia njema na kukusudia kuendelea kuishi Tanzania. Ukaazi anao wa kutosha. Kinachoweza kumponza ni kwamba ukaazi huo wote haukuwa na kibali.

Ikipatikana, wakati nao unambana. Atatimiza miaka 18 mwaka 2027, na kuanzia hapo kifungu cha 7 kitamtaka aukane uraia wa Kenya, ale kiapo cha utii na, kwa kuwa yeye ni raia wa kurithi, aandikishe tamko kuhusu nia yake ya ukaazi. Tofauti na dada yake, yeye hatakuwa na sababu ya kusema hakujua. Baba yake sasa ni mtu wa umri mkubwa, na mdogo wa marehemu bibi ni mkubwa zaidi yake. Kwa hiyo kabla ya maombi ya RITA, kabla ya barua kwa waziri, na hata kabla ya kiapo cha mama, safari ya kwanza ya familia hii iwe ya Newala, ikiwa na wakili au kamishna wa viapo atakayeandika maneno ya mdogo huyo wa marehemu angali hai, na yenye barua kwa parokia ya kuomba dondoo la kitabu cha ubatizo.